Habari za Kikaushio cha Ujiji

Nilitoka kijijini kwetu Kagunga, kando ya ziwa, kwa sababu ya simu moja. Aliyepiga alikuwa Ashura, mwanafunzi wa marehemu binti yangu Zawadi. Zawadi alikuwa akifundisha ujasiriamali chuoni, mjini Kigoma, mpaka figo zilipomwondoa. Ashura alisema, "Mama, Jumamosi tunaonyesha kazi zetu. Njoo utuambie neno, na nikupeleke mwaloni Ujiji ukakione kikaushio cha mwalimu." Mimi niliishia darasa la saba, na sikuwa na neno la kuwaambia watu wa chuo. Nilichotaka ni kuona kitu kimoja cha mwanangu ambacho bado kimesimama.

Zawadi alikuwa amenisimulia habari za kikaushio hicho. Ni banda la nailoni lenye vichanja ndani, la kukaushia dagaa ili mvua isiwaharibu. Alilijenga pamoja na wanafunzi wake na akina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Somo lake lilikuwa hivyo: usianze na kitu unachotaka kuuza, anza na mtu. Nenda ukakae naye, ujue kinachomsumbua, umtengenezee kitu kidogo cha kujaribu, umuulize, urekebishe. Huko kukaa aliniambia alijifunza msibani. "Si unaona, mama, kwenye matanga watu hawaji na maswali. Wanakaa tu."

Alfajiri tulipanda boti, katikati ya madumu ya mawese. Nilikaa na jirani yangu Mama Furaha, ambaye babu zake walivuka kutoka Kongo. Alinitazama miguuni.

"Mama Zawadi, viatu vya kanisani! Kuna mzee anakuoa huko?"

"Nakwenda chuo."

"Chuo! Jamani, wameishiwa vijana kiasi hicho?"

Boti nzima ikacheka, nami nikacheka. Tulipoipita milima ya Gombe aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na ukikuta kikaushio cha mwanao hakipo?" Nikamwambia kipo.

Bandarini Kibirizi, Ashura alikuwa ananisubiri na bajaji. Ni binti mwembamba, mcheshi, anayeongea akikushika mkono.

"Shikamoo mama. Habari za safari?"

"Marahaba. Nzuri."

"Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa."

Sikuwa nimepoa, ila ndivyo inavyojibiwa.

Njiani kwenda Ujiji alinieleza mipango yake. Akimaliza chuo hatatafuta ajira. Atajenga vikaushio kama kile, mialo yote mpaka kwetu Kagunga. Baba yake amekubali kuuza kiwanja chao cha Simbo ili apate mbao na nailoni. "Baba alisitasita, mama. Nikamwambia hii si ndoto, tumewauliza wenyewe. Kila tulipouliza walisema ni kizuri sana."

Mwaloni Ujiji kikaushio kilikuwepo. Nilisimama mbele yake nikashika nguzo. Kwenye ubao mmoja kulikuwa na jina la Zawadi kwa rangi ya bluu, mwandiko wake mwenyewe. Ndani palikuwa pamefagiliwa, na dagaa wameanikwa kwenye kichanja cha mbele. Vichanja vya nyuma vilikuwa vitupu. Nje, mchanga wote ulikuwa umejaa dagaa, wanang'aa juani.

Ashura akaenda kupiga picha. Mimi nikakaa kwenye mkeka na Bi Mwajuma, mama mtu mzima ambaye ndiye msemaji wa akina mama pale. Alinipa pole. Tukakaa tu. Nikamuuliza, "Dada, mbona dagaa wengi wako nje?"

Akavuta ushungi wake. "Tulisikia unakuja. Asubuhi tukafagia, tukaweka wachache."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine hatuingii, mama Zawadi. Mle ndani ni tanuri. Ukiingia kugeuza dagaa kifua kinakubana, na mwenzako humwoni wala humsikii. Mwanao akija tulikuwa tunaingia. Akiondoka tunawatoa, tunaanika nje."

"Mlimwambia?"

"Tumwambie vipi? Mtoto anakuja, anakaa na sisi hapa chini, anakula na sisi, anabeba karai kichwani. Akiuliza habari za kikaushio, utamjibu nini? Nzuri."

Alilia aliposema hivyo. Mimi sikuweza.

Mchana ukumbini wanafunzi walikuwa na meza zao: majiko ya pumba, sabuni za mawese, mikoba. Mwalimu mpya, kijana mpole, alinikaribisha mbele. Ashura alikaa mstari wa kwanza, anatabasamu. Nilijua wanangoja niseme asanteni, kazi ya mwanangu inaishi. Nilifikiri nimwite nje kwanza, nimwambie peke yake. Lakini nilikuwa nimeshasimama, na baba yake alikuwa anauza kiwanja cha Simbo.

Nikasema, "Kikaushio cha Zawadi hakitumiki. Kimefagiliwa leo kwa ajili yangu. Akina mama walimpenda mno, wakashindwa kumwambia. Msijenge vingine."

Wachache wakapiga makofi kwa mazoea, kisha yakakatika. Mwalimu akasema asante, mama, tutalifanyia kazi.

Nje Ashura alinikabili, macho mekundu. "Mwalimu alitufundisha kusikiliza!"

"Alisikiliza, mwanangu. Aliambiwa nzuri."

"Sasa umemzika tena. Mbele ya watu wote."

Huenda ni kweli. Bajaji ilinirudisha Kibirizi peke yangu, nikalala kwa ndugu.

Kesho yake nilipanda boti ya kurudi. Nilikuwa nimekwenda kuona kitu kilichosimama, na kweli kimesimama, na nailoni yake na jina lake, na hakina faida kwa mtu. Heri ningekuta upepo umekibeba. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kupendwa na mwalo mzima na asipate hata mmoja wa kumwambia ukweli. Mwanangu alikaa vizuri kuliko wote, na kukaa kwake ndiko kulikomficha ukweli. Kama kiwanja cha Simbo kimeuzwa, sijui. Ashura hapokei simu yangu.

Kagunga, Mama Furaha, aliyekuwa ametangulia kurudi, alinikuta nimekaa ufukweni na mzigo wangu. Alikuwa na dumu tupu mkononi.

"Mama Zawadi! Habari za safari?"

"Mbaya," nikasema.

Alisimama akinitazama, anangoja nirekebishe. Sikurekebisha. Akaweka dumu chini, akakaa mchangani kando yangu, asiulize kitu. Kisha akasema, "Pole."

Safari hii sikumjibu kwamba nimeshapoa.