Haja Aliyoitaja Angelika

Kama kuna mtu aliyeumbwa kuwapangia wenzake maombi, basi ni Angelika. Kiwandani Buffalo mikono yake inafunga maboksi, lakini akili iko kwenye orodha: huyu wa Louisville anafanyiwa upasuaji, yule wa Columbus mtoto wake hajapata kazi. Kila Jumamosi saa tisa alasiri anafungua laini ya simu, watu kama sitini wa miji hiyo mitatu wanaingia, naye anazitaja haja zao moja moja, kwa majina. Maombi ya jumlajumla hayapendi. Husema hata daktari huuliza ni wapi panauma.

Mwezi wa tano Vestine alimpigia kutoka Louisville. Hawa walikua pamoja katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, Tanzania. Mama yake Vestine alipofariki, Vestine alitolewa shule akiwa hajamaliza hata mwezi, akalee wadogo zake. Hakujifunza kusoma. Tenzi zote za kwaya alizishika kwa kichwa, na kitabu alikifungua mbele yake kama wenzake, na nje ya nyumba yake hakuna aliyejua ila Angelika, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini hakumwambia mtu.

"Mtihani wa uraia umekaribia," Vestine alisema. "Afisa atanipa sentensi ya Kiingereza niisome. Nimeanza darasa, lakini naogopa, dada yangu. Niombee."

Jumamosi ile Angelika akaomba, tena kwa machozi. "Baba, mkumbuke Vestine wa Louisville, mtoto wako asiyejua kusoma, anayeshika kitabu cha tenzi bila kuona neno ndani yake. Mfungue macho!" Yeye alikuwa akimwambia Mungu, alisahau kwamba Mungu hakuwa peke yake kwenye laini. Watu sitini wakaitikia amina.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka! Jumapili, kwayani, mama mmoja alimfungulia Vestine ukurasa, taratibu, kama anavyofunguliwa mtoto. Mwingine akamnong'oneza maneno ya ubeti ambao Vestine ndiye aliyemfundisha. Huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. Akarudisha sare ya kwaya, na simu za Angelika akaacha kuzipokea.

Mwanzoni Angelika alikasirika. Amekosa nini, na yeye ameomba tu? Ilimchukua majira yote ya joto kukubali kwamba alikabidhiwa kitu akakigawa. Usiku na mchana ilimuuma, na orodha ya kila Jumamosi ikawa nzito mkononi.

Septemba ulikuja mkutano wa maombi wa miji mitatu. Ulipangwa Westerville, kitongoji cha Columbus, maana Columbus iko katikati na hakuna ambaye angelalamika kuhusu safari, ingawa walilalamika vilevile. Angelika alitafuta ukumbi wa kanisa, akapanga magari, akaamua nani alete maharage na nani asiguse kabisa pilau. Moyoni alikuwa na mpango wake: akishika kipaza sauti atapiga magoti mbele ya wote amwombe Vestine msamaha. Alikosa hadharani, atatubu hadharani.

Vestine alikuja kwa sababu mumewe ndiye aliyeendesha gari la Louisville. Hakuingia ukumbini. Alikwenda moja kwa moja jikoni, na Angelika akamkuta huko akiosha mchele. Akamweleza mpango wake.

Vestine akafunga bomba. Safari hii hakumwita dada, alimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Liberati, ulinitaja mbele ya watu sitini. Humo ndani wako mia mbili. Unataka na hao waliobaki wajue?"

Angelika hakuwa amewaza hilo hata kidogo. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Basi nifanye nini, Vestine?"

"Nyamaza."

Mchungaji Cubaka, Mkongo mwenye haraka siku zote, akachungulia mlangoni kumwita, maana watu walikuwa wanamngoja. "Bon, Mama Angelika, donc batu bote banakungoya. Kuya usome mahitaji."

Angelika aliitazama orodha yake, majina arobaini. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Leo kila mtu aombe la kwake kimoyomoyo, Mchungaji. Mimi nina kazi huku."

Cubaka akaenda kuwaambia watu. Angelika akakunja mikono ya gauni, akachukua sufuria ya pili. Waliosha mchele bila kusemezana, na kutoka ukumbini hapakusikika sauti yoyote, watu mia mbili wakiomba kimya.

"Mtihani ni Alhamisi," Vestine alisema mwishowe, bila kuulizwa, macho yakiwa kwenye maji. "Saa nne asubuhi."

Angelika aliitikia kwa kichwa tu.

Alhamisi hiyo, saa nne kamili, alisimamisha kazi kiwandani, akafumba macho. Mwenzake wa meza ya pili, ambaye naye huingia kwenye laini kila Jumamosi, akasogea karibu aungane naye.

"Tunamwombea nani leo?"

"Mtu," Angelika akasema.