Rudia, Mwalimu

Kama umewahi kupita Mtaa wa Kongo mchana, umeshanisikia. Mimi ndiye ninayekuambia mashuka ya pamba yamefika, njoo ushike mwenyewe, kushika hakuna gharama. Mimi ndiye wa mapazia, wa sufuria, wa viatu vya shule. Siku hizi machinga hajikaushi koo. Anatundika spika ndogo juu ya meza, anachomeka kadi ya memori, na sauti iliyorekodiwa inazunguka kutwa nzima kama feni. Kwenye meza nyingi za Kariakoo, sauti hiyo ni yangu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa simu, na kwa kukosea. Studio yangu ni kabati la nguo la shangazi, ambaye naishi naye kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Naingia kabatini baada ya sala ya alfajiri, kabla mikokoteni haijaanza kugongana, najifunika blanketi ili mwangwi usiingie, halafu nasoma tangazo. Nikimaliza nalisikiliza. Kama neno shuka limepiga mluzi, narudia. Kama pumzi yangu imesikika, narudia. Shangazi hukaa kitandani akisubiri nguo zake.

"Mwanangu," huniambia, "unauza mashuka, husomi taarifa ya habari."

Shida yangu ilikuwa inaanza kadi ikishatoka mkononi. Niliifuata mtaani. Nilisimama kando ya mtaro nikiisikiliza, na kila mara nilikuta kosa: neno limebanwa, sauti imepanda mahali pasipostahili. Moyo ulianza kwenda mbio, viganja vikalowa. Nikisikia mtu anacheka, hata kama anacheka na mwenzake, nilijua ananicheka mimi. Nilikimbilia choo cha soko, nikaziba masikio kwa vidole. Nyumbani napo kulikuwa na kufuli. Nilifunga mlango, nikafika kona, nikawa siuamini mkono wangu mwenyewe, nikarudi kulitikisa. Nikafika kona tena, nikarudi tena.

Nilitafuta msaada kama mtu anavyotafuta saizi ya kiatu, duka kwa duka. Kwenye simu nilimkuta mzungu mmoja aliyefumba macho ufukweni akisema vuta pumzi ndefu. Ufukwe ulio karibu nami ni Feri, na pale ukivuta pumzi ndefu unavuta samaki. Nilinunua kijitabu cha kujiamini kwa wauza vitabu wa barabarani. Kilikuwa na makosa ya chapa, nikashindwa kukiamini. Nilienda hadi kwenye kliniki moja upande wa Upanga wanakotoa ushauri, nikamwona jirani yetu kwenye benchi, nikajifanya nimepotea njia. Shangazi alinisomea dua na kunishika kichwa. Dua ilinituliza, lakini dua inahitaji ukae, na mimi nilikuwa sikai.

Ndipo nikampata Mwalimu.

Sijui mama yule alisomea wapi ualimu wake. Alikuwa na grupu la wanawake kwenye simu, lenye picha ya ua jekundu, na sauti laini kama mafuta ya nazi. "Hapa ni tumboni kwa mama," alikuwa anasema. "Kinachoingia hakitoki." Alituhimiza tumtumie ujumbe wa sauti, yeye peke yake, tusiandike, maana maandishi yanajipamba. Nilimwamini. Niliongea naye kwa mara ya kwanza maishani bila blanketi na bila kurudia. Nilimweleza kufuli, choo cha soko, vidole masikioni. Kwenye ule ujumbe nalia, navuta kamasi, maneno yanajikwaa. Ndiyo rekodi pekee niliyowahi kuituma bila kuisikiliza kwanza.

Akanijibu, "Mwanangu, umeshapona nusu." Na kweli usiku ule nililala. Kwa shukrani, alipoandaa kongamano la wanawake kwenye ukumbi jirani na Mnazi Mmoja, nilimrekodia tangazo bure. Alikuja hata nyumbani kusoma kipande chake mwenyewe, akaingia kabatini na manukato yake yote, mimi na shangazi tukatoka nje kumchemshia chai. Tangazo lile lilipigwa Kariakoo nzima. Mimi ndiye niliyewaita wale wanawake. Nilikuja kulielewa hilo nikiwa nimekaa katikati yao, shangazi kando yangu.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu alisimama mbele na kanga begani, akasema leo tutasikia dada mmoja anavyoteseka. "Jina nimelificha," akasema, "maana hapa tunatunza siri." Akaelekeza simu yake kwenye kipaza sauti. Spika kubwa za ukumbi zikavuta kamasi yangu.

Bado naikumbuka sauti ya kiti nyuma yangu kikisogea.

"Ee! Huyu si yule wa mashuka?"

"Wapi!"

"Ndiye! Kushika hakuna gharama!"

Kicheko kikapita mstari kwa mstari. Si wote waliocheka kwa ubaya, nakubali. Wengine walifurahi tu kumtambua mtu. Mwalimu akainua mkono: "Jamani, tusimtafute mtu, tutafute somo." Lakini hakuzima. Aliacha iendelee hadi kwenye choo cha soko. Shangazi alishusha ushungi wake, akanishika mkono, akasimama nami, tukapita katikati ya viti vyote vile kuelekea mlangoni.

Hadi leo sijui kama Mwalimu ni mwovu au mjinga. Alidhani mtu ni jina. Nami nilikuwa nimedhani hivyo hivyo nilipomtumia ujumbe: nikasema hata ukivuja, nani atanijua? Katika mji huu wote, kama kuna mtu asiyeweza kujificha nyuma ya sauti, ni mimi.

Mtu mmoja alikuwa amerekodi pale ukumbini. Wiki iliyofuata nilipita mtaani, na muuza soksi mmoja, kijana wa rika langu ambaye siku zote alinisalimia vizuri, akaniita kutoka mbali.

"Mambo, Dada Kufuli?"

"Poa."

"Umefunga leo? Rudi kaangalie, bado mapema!"

Wenzake wakaangua kicheko. Halafu akabonyeza spika yake. Ikasema soksi za pamba, soksi hazinuki, halafu nikaja mimi nalia kwamba siuamini mkono wangu, halafu soksi tena. Watu walikuwa wanasimama. Walikuwa wananunua.

Siku chache baadaye mzee wa mapazia, mteja wangu wa kwanza kabisa, wa zile familia za Kiarabu zenye maduka ya zamani, aliniita dukani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. "Binti yangu," akasema, "tupumzishe kidogo. Wateja wakikusikia wanacheka, wanasahau pazia." Wengine hawakusema. Walibadilisha kadi tu. Nilipita Mtaa wa Kongo nikawa sipo tena, isipokuwa kwenye meza ya soksi, nikilia.

Sikuweza kurekodi. Niliingia kabatini, nikafunua mdomo, nikasikia kicheko. Basi nikakaa humo humo gizani nikapanga kisasi. Sitapamba. Nilimtakia Mwalimu koo liote kutu. Niliwaza kumtangazia msiba wa uongo. Niliwaza kumtia upupu kwenye ile kanga ya begani. Watu wanasema hasira inakula aliyeibeba. Yangu ilikuwa inanilisha. Ndiyo iliyoniamsha asubuhi.

Nilikuwa napekua simu kutafuta tangazo lake ili nilifute, ndipo nikapata kipande nisichokijua. Hadi siku ile sikuwa nimefuta rekodi hata moja, hata iliyoharibika, maana huwezi kujua kosa gani utalihitaji. Siku ile Mwalimu alipoingia kabatini, simu yangu iliendelea kurekodi sisi tukiwa jikoni. Kwanza anakohoa. Halafu simu yake inaita, naye anapokea.

"Niko kabatini, shoga. Ndiyo, kwa yule kichaa wangu wa makufuli, nilikusimulia. Wee, hawa wa Kariakoo rahisi. Mpe kiti na maji ya chupa, atalia mwenyewe. Mimi kazi yangu kutikisa kichwa tu."

Halafu kicheko. Kizuri, cha tumboni.

Niliisikiliza mpaka nikaijua kama dua. Kisha nikaanza kuisafisha. Nilipunguza muungurumo wa friji la jirani, nikapandisha neno kichaa, nikakata kikohozi. Niliifanyia kazi kuliko tangazo lolote. Naona aibu kuandika kwamba zile ndizo siku zangu tulivu kuliko zote za mwaka ule, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitoka nyumbani nikafunga kufuli mara moja tu, kwa sababu nilikuwa nawaza jambo lingine.

Kabla sijaipeleka popote, Mwalimu akaja mwenyewe. Alikuja na halua.

"Mwanangu, nasikia umeninunia."

Shangazi alimkaribisha kiti, maana mgeni ni mgeni, ila maji hakumpa.

"Nilificha jina lako," Mwalimu akaendelea. "Na umewasaidia wengi, hujui tu. Sasa yaliyopita si ndwele. Tuna kongamano jingine, nikasema nani ataniita watu kama si wewe?"

Niliweka simu juu ya kisanduku cha halua, nikabonyeza. Yale maneno, *kichaa wangu wa makufuli*, yakatoka safi kama maji. Ilipofika kwenye maneno ya kiti na maji ya chupa, shangazi aligeuka akamtazama. Mwalimu alinyoosha mkono kuichukua simu, nikaiwahi.

"Umeshampa nani hiyo?"

"Bado."

"Unataka nini?"

"Ingia kabatini."

Nilikuwa nimeshaandika maneno. Yalikuwa mafupi, yanayoweza kuzunguka kutwa: *Mimi ndiye Mwalimu wa lile kongamano. Binti wa mashuka aliniamini na siri yake, nikaicheza mbele za watu. Kosa ni langu. Yeye hana kosa.* Nilimfunika blanketi mwenyewe. Jua lilikuwa limeshapanda na kabati lile ni la mbao nzito.

Alisoma haraka haraka. Nilisikiliza, nikatikisa kichwa kama yeye anavyotikisa.

"Rudia, Mwalimu. Mashuka yamepiga mluzi."

Akarudia.

"Rudia. Pumzi inasikika."

Akarudia.

"Umebana neno kosa. Lifungue."

"Mwanangu, humu kuna joto..."

"Tunalijua," akasema shangazi kutoka kitandani. "Rudia, Mwalimu."

Nilimrudisha mpaka manukato yake yakaisha na jasho likachukua nafasi. Nilimrudisha palipokuwa na kosa, na pasipokuwa na kosa pia. Nilitaka aijue ile hali ya kutouamini mdomo wako mwenyewe. Alipoanza kuniuliza, "Hiyo je? Hiyo nzuri?" kwa sauti ndogo ya mtoto wa shule, nilijua ameijua. Mara ya mwisho alikuwa analia. Katikati ya *nikaicheza* na *mbele za watu* alivuta kamasi, ndefu, yenye maji.

"Hiyo nzuri," nikasema.

Nilimpelekea muuza soksi kadi yenye maneno ya Mwalimu pamoja na tangazo lake la soksi, nikamwambia achukue hii anipe ile yangu. Akaisikiliza sikioni.

"Dada, hii kali kuliko yako!"

"Toa ile kwanza."

Aliitoa. Niliiweka chini nikaivunja kwa kisigino cha ndala, nikazoa vipande nikavitupa mtaroni. Yeye tayari alikuwa ameshapandisha sauti ya spika. Mimi ndiye Mwalimu, soksi hazinuki, kosa ni langu, soksi za pamba. Watu wakasimama. Kicheko kikaanza upya, kikatafuta mtu mwingine.

Kazi ilirudi kidogo kidogo. Mzee wa mapazia aliniita bila kutaja lolote, akaagiza tangazo la vitambaa vipya, akaniongezea kikombe cha kahawa. Nimesharudi pia kwenye ile kliniki ya Upanga, na safari hii nilikaa benchi moja na jirani. Nesi wa ushauri aliponiita nilimuuliza kwanza kama anarekodi. Alicheka, akafungia simu zetu zote mbili kwenye droo. Ameniambia nikifunga mlango niseme kwa sauti nimevaa nini, ili nikifika kona nikumbuke kwamba nilikuwepo. *Nimefunga, nina gauni la njano.* Siku nyingi inanifaa. Aliniuliza kama hasira imepungua. Nikamwambia nikipita Mtaa wa Kongo inapungua.

Maana bado napita. Nasimama kando ya mtaro kama zamani, nasikiliza kosa. Nalijua lilipo, ile kamasi katikati ya sentensi. Kuikata ni kazi ya muda mfupi sana, na mwanzoni vidole viliniwasha kuikata. Nimeiacha.

Mwalimu amehamishia makongamano yake ng'ambo, Kigamboni. Anatumia mrekodi mwingine. Ile rekodi nyingine, ya kiti na maji ya chupa, ninayo bado kwenye simu. Nimeisafisha vizuri. Haina mluzi hata mmoja.