Nimonia Ipi, Daktari?

Masikio yalianza kumsaliti akiwa wodini. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, yule ambaye akiweka stetoskopu mgongoni mwa mgonjwa alijua kifua kimejaa wapi kabla picha haijatoka. Kisha vifua vikaanza kunyamaza. Kwanza alidhani chombo kimechakaa, akaazima cha mwenzake. Nacho kikanyamaza. Siku mgonjwa mmoja alipomwita mpaka sauti ikamkauka, naye amempa mgongo anapanga dawa, alikwenda mwenyewe kwa matroni. "Nitoeni wodini," alisema, "kabla sijaua mtu."

Wakampeleka masjala, chumba cha dirisha moja nyuma ya duka la dawa, ambako mafaili yalikuwa yamepandana hadi darini. Kazi yake sasa ilikuwa kusoma alichoandika daktari mgonjwa anaporuhusiwa, kisha kukigeuza kuwa namba ya ugonjwa, ili wanaoagiza dawa na kupanga vitanda wajue watu wanaugua nini. Namba hizo wenyewe waliziita kodi, kutoka "code" ya Kiingereza. Mumewe aliposikia akaangua kicheko.

"Yaani siku hizi hata homa inalipiwa kodi?"

Alicheka naye, kisha akaingia chumbani akalia. Alilia siku ile tu. Kesho yake alianza kukariri namba huku akimenya viazi, binti yake akimuuliza kwa sauti kubwa hivi kwamba majirani nao wakaijua namba ya kuhara.

Neno lililomkosesha raha lilikuwa moja: nimonia. Daktari wa wodi, kijana mpole aliyezidiwa na kazi, aliliandika hivyo hivyo kwa kila kifua kilichochoma na kukohoa, akasaini, akaenda zake. Nimonia iliyoachwa hivyo ilikuwa na namba yake, maana yake chanzo hakikutajwa. Ile ya bakteria anayejulikana ilikuwa na namba nyingine. Mara nyingi jibu la maabara lilikuwa limebanwa mle mle kwenye faili, bakteria katajwa kwa jina, lakini kanuni ilimkataza karani kujijazia. Aliyemtibu mgonjwa ndiye wa kuutaja ugonjwa. Basi akawa anayarudisha mafaili na kikaratasi juu: *Nimonia ipi, Daktari? Ya bakteria gani? Pafu lipi?*

Haukupita muda wauguzi wakambatiza Bi Rudisha.

Asubuhi moja daktari aliingia masjala amekumbatia mafaili, akayatua mezani kwa kishindo, akilalamika huku ametazama dirishani.

"Nigeukie, mwanangu," Bi Rudisha alimwambia. "Nasoma midomo."

Daktari akageuka, akalazimika kuanza upya, na uso kwa uso maneno yakampungua ukali. "Mama, wagonjwa wamelala wawili wawili. Unataka nikae niandike insha?"

"Sitaki insha. Nataka maneno matatu manne. Ukiandika nimonia tu, mimi naandika hatujui. Na wewe unajua! Mwisho wa mwaka hesabu itasema hospitali nzima hatujui, halafu tuletewe dawa za kubahatisha."

"Na nisipoandika?"

"Nitarudisha. Na kesho nitarudisha."

Daktari alishusha pumzi, akavuta kiti, akachukua faili la juu ili yaishe. Lilikuwa la fundi cherehani wa pale sokoni, aliyekuwa akiruhusiwa siku hiyo. Akasoma jibu la maabara, akaandika: nimonia ya bakteria, klebsiela. Akafika kwenye pafu. Bi Rudisha aliiona midomo yake ikisema, "Kulia, chini." Kisha kalamu ikasimama.

"Huyu si nilimlaza hata kabla ya mvua?"

Akafunua nyuma. Maelezo yake ya safari ile yalikuwa neno moja tu, kwa hiyo ikabidi aitafute picha ya kifua ya zamani, aiinue dirishani.

"Mama, ni pale pale. Pafu lile lile, sehemu ile ile."

Akatoka mbio. Bi Rudisha akamfuata hadi wodini, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu aondoke. Fundi alikuwa keshavaa, mfuko mapajani.

"Mzee wangu," daktari alimuuliza, "umewahi kupaliwa? Kitu kikakuingia vibaya?"

Fundi alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Daktari, mimi nashona. Vifungo nitavishika wapi kama si mdomoni? Kuna kimoja kilinipotea nikicheka na mteja. Nikajua nimekimeza, nikasema kitatoka chenyewe."

Hakuruhusiwa siku hiyo. Walimpeleka hospitali kubwa, wakampitisha mpira mwembamba wenye kamera hadi ndani ya pafu, wakakikuta: kifungo cha shati, cha plastiki, kisichoonekana kwenye picha ya kawaida. Kilikuwa kimeziba njia, na nyuma yake bakteria walikuwa wamepata makazi. Kilipotolewa na dawa zikamalizwa, kifua kikatulia.

Katika kikao cha asubuhi daktari aliwasimulia wenzake mwenyewe. "Ningeandika pafu lipi mara ya kwanza," alisema, "ningeshtuka mapema." Kisha akaomba Bi Rudisha awe anazungumza na kila daktari mgeni.

Yeye aliogopa. Kusema angeweza, lakini maswali angeyasikiaje ukumbini? Alikesha na wazo hilo, na kulipokucha akaenda na rundo la vikaratasi, akawagawia madaktari wageni.

"Mimi sisikii vizuri," aliwaambia waziwazi. "Mwenye swali aliandike."

Kijana wa mstari wa nyuma akaandika, kikaratasi kikapitishwa hadi mbele. Bi Rudisha akakisoma: *Kwa nini?*

Akakirudisha kilikotoka. "Kwa nini nini? Malizia, mwanangu."

Ukumbi ukacheka. Yeye akasimama pale mbele, akamsubiri amalize kuandika.