Jina Ndani ya Mlango

Katika karakana yetu ya Torino, ambako bodi za magari ya maonyesho hufuliwa kwa nyundo na mkono, mfua bati mkuu alikuwa na sikio moja lililokufa kwa kelele za nyundo. Bati alilikagua kwa kiganja, macho ameyafumba. Kila gari alilipa jina lake mwenyewe, na kabla mlango haujafungwa kwa bati lake la ndani alilikwaruza jina hilo ndani kwa ncha ya msumari. Moja aliliita Ermelinda. Ofisi ikaliletea kibao cha chuma: K-14.

"Mzee, jina huchakaa," alisema mhandisi Gribaudo. "Namba haichakai."

"Mbwa wako unamwitaje?"

"Argo."

"Mbona hukumpa namba?"

Mafundi wakacheka. Gribaudo naye akacheka, kisha akakipigilia kibao chake.

Maonyesho yalipokwisha, ikaja amri gari lipondwe, maana nafasi ilihitajika. Mzee akapanda ofisini, kofia mkononi, kuomba Ermelinda awekwe hata kwenye kona ya ghala. Gribaudo aliipekua orodha kwa heshima zote.

"Ermelinda simwoni, mzee. Hapa kuna K-14 tu, na zamu yake ni Alhamisi."

Alhamisi mzee alilisindikiza hadi kwenye mashine, akiipangusa boneti kwa leso yake.

Jumatatu tulianza gari jingine. Alilifua vizuri kama yote yaliyotangulia, kiganja kikipita taratibu, macho yamefumbwa. Siku ya kuufunga mlango nilichungulia ndani. Alikuwa amekwaruza K-15.