Mikuno Themanini na Tatu

Kazi ya Bwana Mikuno haikuwa rahisi kuieleza mbele ya wakwe. Baba mkwe alipomuuliza mara ya kwanza, alijibu kwamba yuko kwenye utafiti wa dawa za ngozi, na yule mzee akamwita daktari mpaka sahani zikaondolewa mezani. Mkewe aliuma midomo asicheke. Alijua fika kwamba mumewe hulipwa kutazama panya wakijikuna na kuwahesabia.

Lakini tusimcheke haraka, maana hiyo ni kazi ya watu wenye macho. Pale maabara panya weupe wadogo hunyolewa kidogo mgongoni, wakapakwa kitu cha kuwawasha. Siku chache baadaye nusu yao hupakwa dawa inayojaribiwa, na nusu hupakwa mafuta ya bure yasiyo na dawa yoyote. Anayehesabu haambiwi nani kapata nini, asije akawapendelea. Yeye hukaa na kutazama. Panya akiinua mguu wa nyuma, akajikuna, akaushusha, huo ni mkuno mmoja. Akipangusa uso kwa mikono, hapo ananawa tu, na asiyejua tofauti hiyo hafai kukalia kile kigoda. Bwana Mikuno alikuwa amekikalia miaka kumi na mitano, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Sasa, mtu huyu alikuwa na siri. Kila panya alipojikuna, naye aliwashwa.

Si kidogo, aliwashwa hasa. Ilianza wiki yake ya kwanza kazini na haikuacha tena. Na mlangoni pa chumba cha kuhesabia palibandikwa karatasi ya masharti, la tatu likisema kwamba mtu mwenye mwasho wa aina yoyote haruhusiwi kuhesabu. Mama aliyekuwa na kigoda kabla yake alikutwa akisugua bega kwenye fremu ya mlango. Alihamishiwa chumba cha kuoshea vizimba siku hiyohiyo, na mpaka leo yuko kwenye mabeseni, mikono imejikunja kwa maji. Bwana Mikuno akimpita koridoni humwamkia kwa adabu zote na kuongeza mwendo.

Basi akabuni mbinu. Mikono yake miwili ilikuwa na kazi, maana kila mmoja ulishika kidude cha kubonyeza, cha kulia kwa panya wa kulia na cha kushoto kwa panya wa kushoto. Miguu ndiyo ilikuwa haina shughuli. Alivua kiatu kimoja polepole, akajikuna shavu la mguu huu kwa kidole gumba cha mguu ule, uso mkavu kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyemshtukia. Soksi tu ndizo zilizoumia.

Mwaka huo ililetwa dawa mpya, na Bwana Mikuno akafanya jambo asilopaswa kufanya: akaanza kuwa na matumaini. Panya walitiwa alama za rangi mkiani, wekundu wakakaa sanduku la kioo la kushoto na wa buluu la kulia, karibu na kigoda chake. Wekundu walijikuna mpaka huruma. Wa buluu, ndani ya siku kumi, walikuwa wamelala chali na manyoya yameanza kurudi. Hakuambiwa kitu, lakini macho anayo.

Matumaini yenyewe yalikuwa kwa ajili ya dada yake. Dada yake mkubwa alikuwa muoka mikate, na mikono yake iliwasha tangu alipokuwa msichana, ikapasuka, ikapona, ikapasuka tena. Alikanda unga kwa glavu, na jioni alizivua akiwa amekunja uso. Bwana Mikuno aliposhindwa kujizuia alimwambia kwamba kuna kitu kinakuja. Dada akasema, "Umeniambia hivyo mara nne, mdogo wangu." Ilikuwa kweli, alishamwambia mara nne.

Mwaka huohuo ikaja mashine. Fundi wa kompyuta, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alifunga kamera nyuma ya kigoda ili iwatazame panya na kuhesabu yenyewe. Alisema mashine haichoki, haipepesi macho na haiendi chooni. Siku hiyo Bwana Mikuno alikaa saa nne bila kwenda chooni kwa ajili ya kukomoa.

Majibu yakatoka. Kwa hesabu ya Bwana Mikuno, kwa saa moja panya mwekundu alijikuna mara tisini na sita na wa buluu mara kumi na moja. Kwa hesabu ya mashine, mwekundu tisini na sita, wa buluu tisini na nne. Daktari mkuu, mwanamke wa maneno machache na miwani iliyofungwa uzi, alizitazama karatasi mbili kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, kwamba labda macho ya mzee wetu yamechoka. Kesho yake kamati ingekaa. Dawa isiyoshinda mafuta ya bure hutupwa.

Bwana Mikuno akaomba aonyeshwe picha. Fundi alimwachia kompyuta, akaenda kunywa chai. Kwenye kioo cha kompyuta panya wa buluu alikuwa amelala fofofo, na kila baada ya muda mashine ilichora mduara mwekundu kando yake na kuandika: mkuno. Bwana Mikuno akasogeza uso. Ndani ya ule mduara, kwenye kioo cha sanduku, palionekana kitu cha kijani kikipanda na kushuka kwa kasi.

Ilikuwa soksi yake. Soksi ya kijani aliyopewa na mama mkwe, yenye tundu, na kidole gumba kikichungulia nje.

Mambo yalikuwa wazi kupita kiasi. Mwekundu alijikuna, yeye akawashwa, akajikuna, kioo cha sanduku la buluu kikaakisi mguu wake, na mashine ikamwandikia panya aliyelala. Mashine haikukosea hata mara moja. Ilifundishwa kutafuta mguu wa nyuma unaokuna, na ikaupata.

Nyumbani hakula. Alimweleza mkewe yote, akidhani atashtuka, lakini mkewe alimuuliza kama kweli alifikiri yeye, anayezishona soksi hizo kila wiki, hajui. Kisha akauliza atafanya nini. Bwana Mikuno akajibu kwamba akinyamaza, kigoda kitabaki na dawa itatupwa, na akisema, dawa itapona na yeye ataungana na yule mama kwenye mabeseni. Mkewe hakumshauri. Alimtolea soksi ile ile ya kijani, imefuliwa, akaiweka juu ya kiatu.

Kamati ilikuwa ya watu watano, pamoja na daktari mkuu. Mwenyekiti, mwanamume mnene mwenye tai, alishafika pale pa kuagana na dawa kwa masikitiko, na kalamu alishaifungua, Bwana Mikuno aliposimama. Alipiga moyo konde.

"Mikuno themanini na tatu ni yangu," akasema.

Daktari mkuu akauliza ni yake kivipi. Bwana Mikuno akaona maneno yatamchelewesha. Alivua kiatu, akaweka mguu juu ya kiti, soksi ya kijani mbele ya kamati nzima, akajikuna shavu la mguu wa pili kwa kidole kilichokuwa nje, kisha akamwomba fundi aweke picha ukutani.

Wakatazama. Panya mwekundu alijikuna ukutani, mkubwa kama ng'ombe, na pembeni yake soksi ikamjibu. Akajikuna tena, soksi ikajibu. Fundi alishika kichwa. Kwa kuwa yeye ni mtu wa haki, aliwaonyesha saa nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwenyekiti alianza na shingo, chini ya tai. Mjumbe wa kulia akaingiza kalamu ndani ya mkono wa koti. Mwingine akawa anasugua mgongo kwenye kiti kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kukaa. Hakuna aliyejiona. Wote walitazama ukuta kwa makini ya kitaalamu.

Picha ilipokwisha, daktari mkuu alivua miwani. Alisema sharti la tatu liko wazi, na kwamba mtu anayewashwa hawezi kukaa chumba kile.

"Ni kweli, daktari," akasema Bwana Mikuno, akatoa mikono mifukoni. Vidude viwili vya kubonyeza vilikuwa humo muda wote, kwa mazoea tu, na vidole vyake havikuwa vimelala. "Humu ndani ni mikuno mia mbili na sita. Ya kwako ni hamsini na mbili."

Daktari mkuu akatazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa nyuma ya sikio, bado unafanya kazi.

Jaribio lilirudiwa, na safari hii ubao ukawekwa kati ya miguu ya Bwana Mikuno na sanduku. Mashine ikasema kumi na moja. Sharti la tatu lilifutwa, maana lingebaki, maabara ingebaki na panya peke yao. Yule mama wa mabeseni aliitwa arudi, akapewa kigoda cha pili, na siku ya kwanza alivua viatu vyote viwili.

Bwana Mikuno alikwenda kwa dada yake moja kwa moja, akamkuta ametoka kukanda. Safari hii hakutaka kumdanganya. Alimwambia dawa imepita kwa panya tu, kwamba kwa watu itachukua miaka, na huenda isifike. Kisha akamsimulia habari ya soksi, na dada akacheka mpaka akashika meza. Alipotulia alizivua glavu, akajikuna viganja, na chini ya meza kiatu cha mdogo wake kikamtoka mguuni.

Dada aliinama, akautazama ule mguu.

"Kumbe na mimi nikijikuna unawashwa?"

"Tangu utotoni. Sikutaka ujisikie vibaya."

Dada aliinuka. "Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu," akasema. Akachukua kibao kirefu cha kutolea mikate kwenye tanuri. "Haya, geuka nikukune mgongo."

Bwana Mikuno akageuka. Alikwenda nyumbani na mstari wa unga kutoka shingoni hadi kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano hakujua ilikuwa mikuno mingapi.