Kuku wa Zuhura

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu mwenyewe, hiyo sidhani kama nitaisahau. Ilikuwa kijijini Unyambwa, mchana wa jua kali na upepo wa vumbi, na mimi nimesimama mlangoni kwa mama mkwe wangu nimeshika kuku mkononi, natafuta mwanaume wa kumchinja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ndoa yangu ilikuwa na miezi minne, na akili, naona, niliiacha kwetu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikikimbia hutanielewa.

Mimi Mwanaidi ni mtoto wa dukani. Baba yangu aliuza vitambaa mjini Singida. Watu wake walitoka Tanga wakaja na biashara, na mama yangu ni Mnyaturu wa hapa hapa. Kwetu mgeni akiingia, hata kama kaja kuuliza njia tu, lazima ale nyama. Baba alipofariki ndipo tukajua kwamba rafu za duka zilikuwa tupu, na vitambaa vyote tulikuwa tumevila na wageni. Ungedhani hilo lingenifunza kitu. Wapi! Nilitoka pale nikiamini kwamba mtu wa heshima hupimwa kwa sufuria yake.

Akaja kunioa Ramadhani, kijana wa Unyambwa aliyekuwa akinunua vitunguu na kuvisafirisha mbali. Akishaondoka na lori, miezi miwili humuoni. Akaniacha na mama yake, aliyekuwa mjane, na mdogo wake wa kike, Zuhura, wa miaka kumi na minne.

Ee, mwanangu, yule mama alikuwa anabana! Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande sita, akavianika juu ya bati wiki nzima mpaka vikauke kabisa, maana sabuni mbichi huisha mbio. Mlenda na majani ya kunde tulivichuma wakati wa mvua tukavikausha, na kiangazi kizima hatukununua mboga. Maji ya kuoshea mboga walikunywa kuku, ya kufulia yakamwagiwa mpapai. Ugali ukishaiva, kuni zilitolewa jikoni zikazimwa kwa majivu zingojee kesho. Mjini alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na kandambili kazishika mkononi zisilike soli. Nilicheka sana kwa zile kandambili. Nilimwambia dada yangu kwamba nimeingia nyumba ya mchoyo, na tukacheka wote wawili.

Kumbe yule mama alikuwa na jambo lake moja tu, na wala hakulificha. Zuhura alikuwa amefaulu kwenda sekondari, shule ya bweni, mbali. Katika boma lile hakuna msichana aliyewahi kufika huko. Alitakiwa kuripoti Januari na vitu vyake vyote, na vitu hivyo vyote vilikuwa pale uani vikiparura vumbi.

Walikuwa mitetea kumi na mmoja. Mama mkwe hakuwauza baada ya mavuno, wakati kila mtu anauza na wachuuzi wanakupa bei ya kukutukana. Aliwalea kiangazi kizima awauze mwisho wa mwaka, wachuuzi wanapojaza matenga kupeleka mjini kwa ajili ya sikukuu. Zuhura ndiye aliyewalisha. Kila jioni alifunika chungu juu ya shimo la mchwa, ndani kaweka mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na asubuhi na mapema anakwenda kukifunua, mchwa wamejaa, anawamiminia kuku na vifaranga vyao. Chakula cha bure kabisa. Na kila kuku alimpa jina la kitu atakachomnunulia. Yule mkubwa wa madoa alikuwa Godoro. Mweusi alikuwa Sanduku. Alikuwepo Viatu, alikuwepo Blanketi, alikuwepo Nauli. Ukimsikia mtoto uani anaita "Viatu! Viatu! Njoo hapa!" lazima utacheka. Mimi nilicheka.

Wageni je? Kiangazi ni msimu wa wageni, watu wamevuna, wanaozesha, wanatembeleana. Mama mkwe alikuwa na ujanja wake. Mgeni akikaa tu, anajipiga mapaja, anasema, "Jamani, leo nimepata aibu, hapa hakuna mwanaume wa kuchinja." Nawe unajua sisi wanawake tulikuwa hatuchinji. Mgeni anajibu, "Acha bwana, mlenda unatosha." Wanakaangiwa mayai mawili, wanakula, wanacheka, wanaondoka wameshiba. Mwanaume wa kuchinja, Mzee Issa, jirani yetu, alikuwa anaonekana palepale ng'ambo ya ua anapalilia bustani yake. Mgeni anamwona. Mama anamwona. Hakuna anayemtaja. Mimi peke yangu katika kijiji kile ndiye niliyedhani mama mkwe ni mwongo.

Basi mwezi wa tisa dada yake mama mkwe akalazwa hospitali ya Kiomboi, ikabidi aende kumuuguza. Alifunga khanga zake, akaniita.

"Mwanaidi, nyumba nakuachia wewe. Wageni wakija wapikie mlenda, wakaangie mayai. Kuku ni wa Zuhura."

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia. Masikio yangu hayakuwa na tatizo.

Siku ya nne akaja shangazi yangu kutoka mjini, Shangazi Rukia, na mabinti zake wawili wamevaa sare mpya ya harusi. Aliniangalia khanga yangu iliyopauka, akaangalia uani kote, hakusema kitu. Ile kutosema ndiyo iliyonimaliza. Nikaona nikimwekea mlenda mkavu huyu, kesho mji mzima utajua kwamba binti wa mwenye duka kaolewa na njaa. Nikaenda uani nikamkamata wa madoa.

Zuhura alikuwa anasafisha chungu chake. Akasimama.

"Wifi, huyo ni Godoro."

"Godoro halina miguu, mtoto wewe," nikamwambia, na nikacheka ili shangazi asikie nyumba ina furaha. "Litapatikana lingine."

Akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Ndipo nikasimama mlangoni nikamwita Mzee Issa. Alikuja na kisu chake, akamtazama kuku, akanitazama na mimi.

"Mama yako anajua?"

"Anajua, Mzee."

Akamchinja. Nakuapia, mwanangu, mpaka leo nikisema uongo mdogo tu, hata wa mzaha, naona uso wa Mzee Issa.

Basi mjini ikasemwa kwamba Mwanaidi kaolewa pazuri. Wakaja binamu. Akaja rafiki wa kaka na mkewe. Walikuja watu ambao hata harusi yangu hawakuhudhuria. Na ukishaanza ukarimu wa kujionyesha huwezi kurudi nyuma, kwa sababu aliyekuja leo atamsimulia wa kesho alichokula. Nikaanza kununua nyanya na vitunguu, wakati vibuyu vya mboga kavu vimejaa. Kuni niliziacha ziungue mpaka mwisho. Vile vipande vya sabuni niliwapa wageni wakaoge, wakaondoka navyo. Katika wiki tatu nilichinjisha kuku saba, na vifaranga walioachwa bila mama wakaliwa na mwewe.

Zuhura hakunigombeza, ingawa haki alikuwa nayo. Alipomwona Sanduku kwenye sinia alitoka nje. Ilipofika zamu ya Viatu hakutoka tena, alikaa akala mchuzi kama sisi wengine. Kisha asubuhi moja nikamkuta bado amelala, jua limeshatoka.

"Leo huendi kwenye mchwa?"

"Wa nini, wifi?" akasema, akageukia ukutani.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Nikaenda kuwahesabu kuku waliobaki: wanne.

Mama mkwe alirudi saa za adhuhuri, kandambili mkononi. Nilipiga magoti nikampa shikamoo, akaitikia, akaangalia uani muda mrefu. Nilijiandaa kwa matusi. Natamani angenitukana.

"Wageni wako walishiba?" akaniuliza.

"Walishiba, Mama."

"Alhamdulillahi. Basi kesho nenda kwao, uwaombe mmoja amnunulie Zuhura godoro."

Akaingia ndani. Nikamsikia anasema peke yake kwa Kinyaturu, taratibu, kwa muda mrefu, na sikuthubutu kwenda kusikiliza anasema nini.

Nilikwenda, mwanangu. Kwa miguu, kandambili mkononi, mimi niliyecheka. Nilifika kwa Shangazi Rukia nikamweleza kila kitu, nalia. Alininyamazisha, akanipa chai, akaniambia neno ambalo limenikaa kifuani miaka yote hii.

"Mbona hukusema? Mimi kuku wenu nilimla kwa kukuonea haya tu, niliona ukinyimwa kusifiwa utalia. Tumbo lenyewe lilikuwa linanisumbua. Mlenda ndio niliokuwa nautamani."

Hakuwa na godoro la kunipa. Wale wengine nao, huyu kauguliwa, yule ana deni, mwingine hakufungua mlango kabisa na nilimsikia ndani anakohoa. Siwalaumu. Hawakuniambia nichinje.

Ramadhani akarudi mikono mitupu, vitunguu vilimwozea njiani. Mvua nayo ilichelewa mwaka ule. Wale kuku wanne waliuzwa, na mimi nikauza khanga zangu za harusi doti moja baada ya nyingine, tukaokoteza kitu kimoja kimoja. Vilipokamilika ulikuwa mwezi wa tatu. Mama mkwe alimpeleka Zuhura shuleni, na siku ya pili nikawaona wanarudi njiani, mama mbele, Zuhura nyuma na godoro kichwani. Nafasi ilikuwa imeshajazwa na mwingine. Nilikimbia kumpokea lile godoro. Akasema, "Acha tu wifi, si zito." Mwaka uliofuata akaolewa.

Mama mkwe hakulitaja tena jambo lile mpaka anaingia kaburini. Alinifundisha kukata sabuni kwa uzi, alinifundisha kutega mchwa, na kwa mikono hiyo hiyo nimesomesha wanangu watano. Kila mmoja wao akienda shule nilikuwa na furaha, na chini ya ile furaha palikuwa na Zuhura.

Nakwambia haya kwa sababu nina macho. Juzi hapa mtaani kwetu Mandewa kijana ameuza madumu ya mafuta ya alizeti yaliyowekwa kwa ajili ya ada ya mtoto wake mkubwa, akodi viti na maturubai, afanye bethdei ya mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto mwenyewe alilala sherehe nzima. Nilialikwa, nikala wali huku naiwaza ile ada.

Zuhura yupo, bado anakaa Unyambwa, ana wajukuu wengi na kuku wazuri kuliko wote pale. Nikienda kumsalimia huniuliza, "Wifi, nikuchinjie?" Nami hujipiga mapaja kama mama yake, namwambia leo hakuna mwanaume wa kuchinja. Anacheka, anapika mlenda, tunakula. Kiangazi hiki, baada ya kucheka, aliniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza habari za zamani:

"Wifi, yule wa madoa... alikuwa mtamu?"

Mwanangu, nina miaka zaidi ya sabini. Nilimshika mkono tu, tukakaa hivyo mpaka mlenda ukapoa.

Basi shika maneno yangu. Kiangazi, wakati ghala lina kitu na kila mtu anajiona tajiri, ndio wakati wa kubana. Kausha mboga. Zima kuni. Kata sabuni, ianike. Usione haya kwenda kwa miguu. Na kila unachokiweka akiba, kipe jina la mtu kinayemngojea, na nyumba nzima ilijue, mume, mke, watoto mpaka mgeni, ili anayenyoosha mkono kukichukua ajue anamchukulia nani. Mgeni mwambie ukweli kwa uso mkunjufu. Anayekupenda atakula ulichonacho. Asiyekupenda, hata umchinjie zizi zima, atakohoa ndani na mlango kaufunga.

Mungu aijaze nyumba yako wageni, mwanangu, na akupe moyo wa kuwawekea mlenda bila kuona haya. Na mtoto wako anayesubiri godoro, Mungu amjaalie alale juu yake huko shuleni. Amina.