Mgeni Aliyesindikiza

Generoza alizaliwa Kanazi, wilayani Ngara, akaolewa hukohuko Kanazi, na mpaka anafikisha umri wa miaka arobaini alikuwa amelala nje ya kata hiyo mara chache tu: hospitalini alipojifungua, na Rulenge alipokwenda kwenye sherehe za kanisa. Alilima migomba, kahawa na maharage. Mumewe, Renatus, alikuwa kibarua wa barabara huko Biharamulo na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, akiwa na sabuni, chumvi na hadithi nyingi. Siku nyingine zote shamba, mifugo na watoto vilikuwa mikononi mwa Generoza, ambaye majirani walimwita Mama Frida kwa jina la binti yake mkubwa.

Kama alikuwa na sifa iliyojulikana kijijini, ilikuwa hii: mgeni hakuondoka uani kwake peke yake. Kule, kumwacha mgeni atoke mlangoni bila mtu wa kutembea naye ni sawa na kumfukuza. Generoza alizidisha. Alimsindikiza mgeni mpaka mwisho wa migomba, kisha mpaka njia panda, na hapo walisimama wakaanza mazungumzo upya kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana. Mara nyingine mgeni alimwonea huruma, akageuka na kumsindikiza yeye kurudi. Priscila, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, alikuwa akimtania kwamba siku moja watasindikizana mpaka jogoo awike.

Mwezi wa Julai mwaka 1998 alipata mgeni ambaye hakuwahi kumwota. Kundi la vijana wa shule kutoka Uholanzi lilikuja kutumia likizo yao ya majira ya joto katika nchi yetu. Walikuwa wametoka katika pori la akiba la Biharamulo, ambako waliishi kwenye mahema, wakatembea na askari wa wanyamapori, wakategua mitego ya nyaya na kuhesabu korongo na nyati. Sasa ilikuwa zamu ya kukaa na familia ili wajifunze utamaduni. Baada ya hapo wangepanda vilima kwa miguu mpaka maporomoko ya Rusumo. Aliyewaongoza na kuwatafsiria alikuwa Novatus, kijana wa Nyantakara aliyekijua Kiingereza vizuri.

Kabla ya kugawa wageni, mwenyekiti wa kijiji, mzee Kazimili, aliwakusanya wenyeji.

"Hawa ni watoto wa watu," alisema. "Akipotea mbuzi, tutatafuta mbuzi. Akipotea mmoja wa hawa, tutatafutwa sisi. Mmenisikia?"

Walimsikia. Miaka ile hakuna aliyehitaji kuelezwa sana. Tangu vita vya nchi jirani viwasukume watu kuvuka mpaka, zilikuwa zimeota kambi za wakimbizi kubwa kuliko miji. Wengi waliokuwa ndani yake walikuwa watu wa jembe kama sisi, lakini bunduki nazo zilikuwa zimevuka. Wiki iliyotangulia tu, lori la mfanyabiashara lilisimamishwa mahali barabara inapoingia porini, na dereva wake alirudi mjini akiwa amevaa chupi peke yake.

Generoza alipewa msichana wa miaka kumi na sita. Jina lake lilimshinda kila mtu kulitamka, basi mama mkwe wa Generoza akamwita Keza, yaani mzuri, na jina likakaa. Keza alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoungua jua, na bidii ya kutisha. Alitaka kufanya kila kitu. Alichota maji, yakamwagika nusu. Alimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Alimsalimia kila aliyemwona "Shikamoo", hata mtoto wa miaka mitatu, na mtoto akajibu kwa heshima zote, "Marahaba."

"Mgeni wako ataamkia na mbuzi," Priscila alisema.

"Mbuzi amekwisha kuamkiwa jana," Frida akajibu, na wote wakacheka, Keza mwenyewe akicheka zaidi ingawa hakujua wanacheka nini.

Lakini usiku Generoza hakulala vizuri. Aliposikia mbwa akibweka, alinyanyuka kwenda kuangalia kama mtoto wa watu bado anapumua. Alimkataza kwenda kisimani peke yake. Alimkataza kupita kilimani, kwenye miti ya mwisho kabla ya pori. Keza alimweleza kwa mikono, kwa maneno machache na kwa kuchekesha jinsi alivyokutana na nyati huko Biharamulo na hakukimbia.

"Nyati nimekusikia," Generoza alisema. "Mimi nazungumzia watu."

Jambo moja alimfundisha kwa moyo mweupe. Jioni ya kwanza alimshika mkono wakamsindikiza shemeji yake mpaka njia panda. Keza aliuliza jina la kitendo kile, akaambiwa, akalirudia njia nzima. Kuanzia hapo, mtu alipoinuka tu kwenye kigoda, Keza naye alisimama: "Mimi nasindikiza!"

Siku ya tano Frida aliamka na homa. Generoza alishinda akimkanda kwa kitambaa cha maji na kumbembeleza anywe uji. Alasiri Priscila alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakaa kidogo, akaaga. Generoza alikuwa na bakuli mkononi na Frida alikuwa akitapika.

"Keza, msindikize Mama Marsiana," alisema, akimwonyesha Priscila. "Mpaka kijitoni tu. Kijitoni, halafu rudi."

"Mpaka kijitoni!" Keza alijibu, tayari yuko uani.

Muda si mrefu baada yao, aliondoka mtu mwingine. Huyu hakuaga mlangoni. Alikuwa Adelfina, mkimbizi kutoka Burundi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akivuna maharage katika shamba la Generoza. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali, na wenyeji hawakuruhusiwa kuwapa kazi. Hata hivyo mashamba mengi ya Kanazi mwaka ule yalipaliliwa nao, na hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti. Adelfina alichukua mkungu wa ndizi aliowekewa pembeni ya shamba, akajitwisha, akashika njia ya kijitoni kama siku zote.

Frida alipopata usingizi, jua lilikuwa limeinama. Generoza alitoka nje. Keza hakuwapo. Hakushtuka mara moja. Kusindikizana kuna tabia ya kurefuka, na nyumbani kwa Priscila kulikuwa na kijana mwenzake Keza wa kutoka Uholanzi. Bila shaka walimvuta ndani wakampa viazi. Alichochea moto, akaweka sufuria. Akatoka tena. Kivuli cha kilima kilikuwa kimefika kwenye kahawa.

Alimwomba mama mkwe akae na mgonjwa, akashuka kwa haraka, akavuka kijito na kupanda mpaka kwa Priscila.

"Nimekuja kumchukua mgeni wangu," alisema, akijaribu kutabasamu.

Priscila alikuwa akipepeta maharage. Ungo ulisimama hewani. "Mgeni gani? Alinifikisha kijitoni, nikamwambia rudi, akarudi. Nilimwona kwa macho yangu akipanda."

"Hajafika."

"Usinitanie, Mama Frida."

"Natania na uso huu?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ametulia alasiri nzima akijua mtoto yuko kwa mwenzake.

Walirudi kijitoni, wakaita. Waliita jina alilopewa Kanazi, halafu Priscila akajaribu jina lake la kwao, likatoka vibaya. Kwenye tope la kivukoni Generoza aliona alama za viatu vile vyenye meno, na hazikuelekea kwake. Zilifuata kijito, kisha zikashika njia ya kilimani, ile ya kuelekea pori. Alikumbuka lori. Alikumbuka fisi waliolia juzi. Alikumbuka kwamba mahali fulani kuna mwanamke asiyemjua, ambaye saa ile pengine anaosha vyombo na kuamini kwamba binti yake yuko kwenye mikono salama.

"Napiga yowe," Priscila alisema.

"Ngoja kidogo. Wakija na mapanga, giza hili linaingia, na wakakutana na mtu yeyote huko..."

"Tungoje nini? Mpaka alie fisi?"

Priscila akaweka mkono mdomoni na kupiga yowe. Lilijibiwa kilima cha pili, kisha cha tatu. Wanaume walitoka na mapanga na mikuki, mgambo wakatoka na bunduki yao moja. Mzee Kazimili akaja akipiga hatua ndefu kuliko umri wake, Novatus nyuma yake akiwa amebadilika rangi.

"Nilisema nini?" mwenyekiti alimuuliza Generoza. "Nilisema nini mimi?"

Generoza alikimbia pamoja nao mpaka alipokosa pumzi, kisha akatembea, akisali kwa sauti, akichanganya sala ya Salamu Maria na maneno yake mwenyewe: mrudishe, hata kama amevunjika mguu, mrudishe.

Kelele zilisikika mbele, pale njia inapoingia kwenye miti. Mgambo walikuwa wamewapata. Keza alikuwa mzima. Alikuwa amekumbatia mkungu wa ndizi kwa mikono miwili, akilia na kupiga kelele kwa lugha yake. Miguuni pa mgambo alikaa Adelfina, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

Generoza alishika mti, akamshukuru Mungu.

"Mkimbizi huyu alikuwa anamtorosha," mgambo mmoja alisema. "Tumemfumania naye. Wenzake bila shaka walikuwa wanangoja humo ndani. Mwizi wa watoto!"

"Sikumwiba," Adelfina alisema bila kuinua macho. Alizungumza Kirundi, ambacho Wahangaza, wenyeji wa Ngara, wote waliokuwapo walikielewa kama lugha ya nyumbani. "Alinikuta nikishuka kijitoni, akarudi nami, akanitua mzigo. Nikamwambia rudi. Akanicheka akasema anasindikiza. Nikamwambia rudi tena. Ningemwacha peke yake njiani, je, angekutana na wengine? Ningerudi naye kijijini, mngeniona. Sikujua nifanye lipi. Nilikuwa natembea tu nikifikiri."

"Ulitoka wapi na ndizi hizo?" Kazimili aliuliza.

Adelfina aliinua macho kumtazama Generoza, akayarudisha chini.

"Ameiba na ndizi vilevile," mgambo alisema. "Kesho polisi watamfungua mdomo."

Mwenyekiti aligeuka. "Mama Frida. Unamfahamu mwanamke huyu?"

Generoza alijua kinachofuata kila jibu. Akisema hapana, mtoto wa watu amepatikana, mambo yamekwisha, na Adelfina atapelekwa mjini kama mwizi wa watoto. Akisema ndiyo, amekiri mbele ya kijiji na mbele ya Novatus kwamba anaajiri wakimbizi, kinyume cha amri, na mgeni alichukuliwa na mtu wa shambani kwake. Nusu ya wanaume waliosimama pale walikuwa na vibarua wao. Wote walitazama chini.

"Namfahamu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni mfanyakazi wangu. Ndizi nimempa mimi. Leo ametoka kwangu."

"Unajua unachosema?"

"Najua, mzee. Mfungueni."

Ilichukua muda. Mgambo alitaka maelezo, mwenyekiti alitaka watu wapunguze midomo. Keza hakungoja. Aliweka mkungu chini akaanza kuifungua kamba kwa vidole vyake, kwa ustadi wa mtu aliyetoka kutegua mitego, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Uamuzi kuhusu wageni ulikuwa mfupi. Novatus alisema hawezi kulala na wasiwasi wa aina hii, vijana wote watahamia parokiani jioni ileile. Mwenyekiti alisema faini ya Generoza itajadiliwa kwenye kikao, na kwamba nyumba yake isihesabiwe tena wageni watakapokuja. Generoza aliitikia kwa kichwa. Walikuwa wamefika barabarani, gari la parokia limewasha taa. Keza alisema kitu kirefu kwa Novatus, akimwonyesha Generoza kidole.

"Anauliza amekosa nini," Novatus alitafsiri. "Anasema ulimfundisha kwamba kila anayetoka nyumbani kwako husindikizwa. Yule mama alitoka peke yake na mzigo. Alidhani mmesahau kwa sababu ya mgonjwa."

Priscila alikohoa. Generoza alimgeukia Novatus.

"Mwambie hakukosa. Mwambie hatukumwambia yote."

Novatus alizungumza zaidi ya maneno hayo. Alichosema hasa, Generoza hakujua. Keza alimkumbatia kwa nguvu, akinuka moshi na utomvu wa ndizi, akaingia garini.

Adelfina alikuwa bado amesimama kando, akisugua vifundo vya mikono.

"Twende kwangu," Generoza alimwambia. "Mgambo wamejaa njiani, na wasiokuwa mgambo wamo porini. Utalala, utaondoka kukipambazuka."

"Nina mtoto kambini, mama. Ana miaka sita. Huwa anakaa mlangoni mpaka nirudi."

"Yuko na nani?"

"Na jirani." Aliangalia upande wa pori, ambako hakukuwa na chochote cha kuonekana tena. "Nani atamwambia kwamba sikupotea?"

Generoza alitazama kama kuna mtu wa kumtuma. Wanaume walikuwa wanatawanyika na mapanga yao. Hakukuwa na wa kumtuma. Walipanda pamoja mpaka nyumbani, wakamkuta Frida ameamka na homa imeshuka, akaomba chakula. Generoza alimpa ndizi na maharage, akampa na Adelfina. Adelfina alishukuru, akaiweka sahani miguuni, akageuza kigoda ili akae ameelekea mlangoni.